HESABU KWANZA, NDIPO UNUNUE SOLA

Wakulima wenzetu wa skimu, siku hizi ukipita katika Kinangop, Lugari au Perkerra utaona paneli nyeusi za sola zikimeta juu ya mabati ya nyumba nyingi. Jambo hili ni la kufurahisha. Koroboi imewatoa watu wetu machozi kwa miaka mingi. Imejaza moshi katika vifua vya watoto, na mara nyingi imeteketeza nyumba pamoja na vyote vilivyokuwamo. Mtu anayeiondoa koroboi nyumbani mwake amefanya jambo jema, nasi hatutaki kumvunja moyo.

Lakini kuna jambo jingine ambalo twaliona, nalo halifurahishi. Katika nyumba nyingi taa za sola huwaka vizuri sana mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili huwaka mpaka saa mbili usiku tu. Mwaka wa tatu paneli ingali juu ya paa, lakini mezani imerudi koroboi. Ukimwuliza mwenye nyumba, atakuambia ya kwamba sola haifai, ni kitu cha kudanganyia watu. Sisi twasema sivyo. Jua halikupungua hata kidogo. Kilichokosekana ni hesabu, nayo ilikosekana siku ile ya kununua.

Basi maoni yetu ni haya. Haifai mkulima aingie dukani kutafuta sola kabla hajaandika mambo matatu katika karatasi: anataka kuwasha vitu gani, kila kimoja kwa muda gani, na ni mwezi upi ambao jua huwa haba zaidi mahali anapokaa. Mwenye karatasi hiyo ataweza kuzungumza na mwenye duka kama mtu anayejua haja yake. Asiye nayo atauziwa kile ambacho mwenye duka anataka kukiuza.

PANELI NI SHAMBA, BETRI NI GHALA

Sola si uchawi. Wataalamu wa Bell Laboratories huko Marekani walionyesha mwaka 1954 jinsi kipande cha madini ya silikoni kinavyoweza kugeuza mwanga wa jua kuwa nguvu za umeme, na paneli zetu za leo zafuata njia hiyo hiyo. Wala si jambo geni katika nchi hii. Tangu katikati ya miaka ya 1980 wakulima wa kahawa na chai katika sehemu za Mlima Kenya walianza kuweka paneli juu ya nyumba zao, mbali na nguzo za stima.

Mkulima ataielewa sola upesi akiifananisha na mambo ya shamba. Paneli ni shamba: huvuna mwanga wakati wa mchana. Betri ni ghala: huweka mavuno ya mchana yapate kutumika usiku. Taa, redio, simu na televisheni ni walaji. Hakuna mtu mwenye ekari mbili za mahindi ambaye atawaalika watu wa lokesheni nzima waje kula kwake kila siku, kisha alaumu ardhi ghala likiwa tupu. Lakini ndivyo watu wafanyavyo na sola. Hununua paneli ndogo ya kutosha taa mbili, kisha huunga televisheni, na mwisho jirani kumi huleta simu zao zipate chaji.

Pia, ghala kubwa halizidishi mavuno. Wako watu ambao taa zao zikizimika mapema huongeza betri ya pili, lakini paneli huwa ni ile ile. Sasa wana maghala mawili na shamba moja dogo. Betri zote mbili hukaa na njaa, na betri inayokaa na njaa hufa upesi.

HESABU YENYEWE

Nguvu za umeme hupimwa kwa wati. Kitu cha wati moja kikiwaka kwa muda wa saa moja kimetumia wati-saa moja. Taa ya wati 5 ikiwaka kwa muda wa saa 4 imetumia wati-saa 20. Hesabu hii ni ya kuzidisha na kujumlisha tu. Ikiwa wewe mwenyewe hukusoma, mwite mtoto wako wa shule akuandikie.

Tuchukue mfano wa mkulima wa ng'ombe na viazi katika Kinangop. Anataka taa 4 za wati 5, kila moja iwake muda wa saa 4: hizo ni wati-saa 80. Anataka taa ndogo ya wati 3 karibu na zizi, iwake usiku kucha muda wa saa 11: hizo ni 33. Simu tatu zichukue wati-saa 10 kila moja: hizo ni 30. Redio ya wati 5 ilie kwa muda wa saa 6: hizo ni 30 tena. Televisheni ndogo ya wati 25 itazamwe kwa muda wa saa 3: hizo ni 75. Ukijumlisha utapata 248, basi tuseme 250 kwa siku.

Si yote yanayovunwa hufika mezani. Sehemu hupotea katika joto la paneli, katika waya na katika betri, kama vile sehemu ya mahindi ipoteavyo kwa panya na wadudu. Kwa tahadhari tugawe 250 kwa 0.7. Tutapata karibu 360. Hayo ndiyo mavuno ambayo paneli yapasa kuyaleta kila siku.

Sasa twauliza habari za jua. Paneli haiwezi kutoa wati zake zote tangu asubuhi mpaka jioni. Katika sehemu nyingi za Kenya, mwanga wa siku nzima ukikusanywa pamoja ni sawa na jua kali la muda wa saa 4 hadi 6 tu. Lakini watu wa Kinangop waujua vizuri ukungu wa mwezi wa Julai. Wao wahesabu saa 3 tu. Ukigawa 360 kwa 3 utapata 120. Kwa hiyo mkulima wetu ahitaji paneli ya wati 120. Mwenzake wa Perkerra kule Marigat, mwenye walaji wale wale, aweza kuhesabu saa 5, na paneli ya wati 80 itamtosha. Hivyo basi si busara kununua paneli kwa kuwa shemeji yako wa mkoa mwingine aliinunua akaisifu. Mbegu ya mahindi ya nyanda za juu haipandwi mahali pa joto, nayo sola ni vivyo hivyo.

Mwisho twalipima ghala. Siku moja ya mawingu isitutie gizani, kwa hiyo tuweke akiba ya usiku mbili, yaani wati-saa 500. Betri ya kawaida ya maji ya asidi haipendi kutumiwa zaidi ya nusu yake, basi yataka wati-saa 1,000. Ukigawa kwa volti 12 utapata 83, nayo betri iliyo karibu zaidi dukani ni ya ampea-saa 100. Betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma yaweza kutumiwa mpaka sehemu nane kwa kumi bila kuumia. Kwa hiyo ya ampea-saa 50 yatosha kwa kazi ile ile.

Tazama tena karatasi. Bila televisheni, mkulima huyu angalihitaji wati-saa 173 tu, na paneli ya wati 80 hivi ingalimtosha hata wakati wa ukungu. Sisi hatusemi televisheni ni mbaya. Twasema mtu ajue bei yake kabla hajaileta nyumbani, kama ajuavyo bei ya kulisha ng'ombe mwingine.

Kuna walaji ambao sola ndogo ya nyumbani haiwezi kuwalisha hata kidogo. Pasi ya umeme hutaka wati 1,000 au zaidi. Birika ya umeme hutaka hata zaidi ya hizo. Mashine ya kukata majani ya ng'ombe yenye nguvu za farasi mbili hutaka karibu wati 1,500. Wati 1,000 kutoka betri ya volti 12 ni zaidi ya ampea 80, nazo zaweza kuchoma waya na hata nyumba. Ukitaka kazi za namna hiyo, ngojea stima ya laini, au uweke mtambo mkubwa uliopimwa kwa kazi hiyo.

JINSI YA KUCHAGUA PANELI

Watu wengi huuliza kama paneli ya rangi nyeusi ni bora kuliko ya buluu. Hilo si jambo kubwa. Jambo kubwa ni kama wati zilizoandikwa nyuma yake ni za kweli.

Tumepata fundisho katika nchi hii. Katika miaka ya 1990 paneli ndogo za bei rahisi za aina ya amofasi zilienea sana huku. Wapimaji walipozipima mwaka 1999 waliona ya kwamba baadhi ya chapa zilitoa karibu sawasawa na zilivyoandikwa, lakini nyingine zilikuwa chini sana. Wakulima walilipia wati ambazo hazikuwamo. Mtu asidhani ya kwamba mchezo huo umekwisha.

Njia ya kwanza ya kuutambua uwongo ni futi ya kupimia, ile ya seremala. Paneli nzuri za siku hizi hutoa kiasi cha wati 200 katika eneo la mita moja mraba, na hata zile bora kabisa hazipiti hapo kwa mbali. Basi pima urefu na upana wa paneli, uzidishe. Paneli ya urefu wa mita moja na upana wa nusu mita ni nusu ya mita mraba. Ikiwa imeandikwa wati 100, yaweza kuwa kweli. Ikiwa imeandikwa wati 300, iache hapo hapo dukani, hata kama mwenye duka ni mtu wa kanisa lenu.

Njia ya pili ni mita ya fundi. Paneli itolewe nje saa sita mchana, siku ya jua, fundi apime volti na ampea, kisha azilinganishe na zilizoandikwa katika kibandiko cha nyuma. Paneli isiyo na kibandiko cha volti na ampea haifai kununuliwa. Tazama pia alama ya KEBS, shirika la serikali linalokagua ubora wa bidhaa, na uombe risiti na karatasi ya dhamana yenye jina la duka. Dhamana isiyo na risiti ni maneno matupu.

Neno jingine la kujihadhari nalo. Paneli kubwa za wati 400 na zaidi zimekuwa rahisi sana, na watu huzikimbilia. Nyingi zake hutoa volti zaidi ya 30, lakini betri ya nyumbani ni ya volti 12. Ukiunga paneli ya namna hiyo kwa kontrola ya bei rahisi utapoteza zaidi ya nusu ya wati ulizolipia. Yahitaji ile kontrola ya aina iitwayo MPPT, ambayo hugeuza volti nyingi kuwa ampea nyingi. Ikiwa huna pesa za MPPT, nunua paneli iliyotengenezwa kwa betri ya volti 12. Hiyo huonyesha kiasi cha volti 18 katika kibandiko chake.

PESA ZIENDE WAPI

Paneli njema hukaa miaka 20 na zaidi. Kifaacho kuangaliwa zaidi ni betri, kwa maana ndiyo hufa kwanza. Wengi hutumia pesa zao zote kwa paneli ya kuonekana barabarani, kisha huenda kununua betri kuukuu ya gari. Betri ya gari ilitengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ili injini iwake. Haikutengenezwa kutumiwa polepole usiku kucha. Ukiifanyisha kazi ya nyumbani haitadumu. Nunua betri ya sola yenyewe. Ukiweza kununua ya lithiamu ni vyema, maana bei yake ya kwanza ni kubwa lakini hudumu zaidi mara nyingi. Kwanza uliza kama kontrola yako yakubali betri ya aina hiyo.

Kontrola ni kile kisanduku kidogo kilichoko kati ya paneli, betri na taa. Kazi yake ni kuzuia betri isijazwe kupita kiasi wala isinyonywe mpaka mwisho. Ni kama mwenye ghala anayeshika ufunguo. Lakini tumeona watu ambao kontrola ikiwasha taa nyekundu na kukata umeme, wao huchukua waya na kuunga televisheni moja kwa moja kwenye betri ili wamalize kutazama mpira. Watu hao wamempiga mwenye ghala na kula mbegu. Mpira hwisha kwa muda wa saa mbili, na betri huharibika kabisa.

Waya nao si jambo la kudharau. Katika umeme wa volti 12, waya mwembamba ni kama mfereji unaovuja. Paneli ikiwa mita 10 kutoka kwenye betri na ampea 5 zikipita katika waya wa 1.5, utapoteza zaidi ya volti moja njiani, yaani karibu sehemu moja kwa kumi ya nguvu zako. Ukitumia waya wa 4, hasara haifiki nusu volti. Kwa hiyo waya uwe mnene na mfupi, na betri iwe na fuse karibu nayo.

Fundi naye awe fundi kweli. Katika Kenya mafundi wa sola hupewa leseni na EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia kawi na petroli. Mwombe akuonyeshe leseni yake. Kijana hodari ambaye hana leseni asifukuzwe, bali atiwe moyo aende kusoma apate leseni, kwa kuwa skimu yetu itamhitaji.

KULIPA KIDOGO KIDOGO

Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, njia mpya ya kununua ilipatikana: mtu hulipa malipo ya kwanza, huchukua sola nyumbani, kisha hulipa kidogo kidogo kwa simu. Asipolipa, sola hujizima. Njia hii imewasaidia watu wengi ambao hawangaliweza kutoa pesa zote kwa mara moja, nasi hatuilaumu. Lakini lazima iitwe kwa jina lake, nalo ni mkopo.

Wakulima wa skimu wajua habari za mikopo kuliko watu wengine. Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, wazee wetu walichukua ardhi kwa mkopo wa miaka 30. Wengi wao waliona jinsi malimbikizo madogo ya kila mwaka yanavyokua mpaka hati ya shamba ikawa ni ndoto. Fundisho lile tusilisahau kwa sababu malipo ya sasa ni shilingi chache kwa siku.

Tuchukue mfano. Tuseme malipo ya kwanza ni shilingi 3,000, kisha shilingi 50 kila siku kwa mwaka mmoja. Shilingi 50 mara siku 365 ni shilingi 18,250. Jumla ni shilingi 21,250. Tuseme vyombo vya namna ile ile vyauzwa dukani kwa pesa taslimu shilingi 14,000. Tofauti yake ni shilingi 7,250. Hiyo ndiyo bei ya kutongojea. Huenda ikakufaa kuilipa, kama nyumbani mna mtoto wa mtihani na mwanga hamna. Lakini uilipe ukiijua.

Tena angalia wakati wa pesa zako. Mkulima wa maziwa hupata pesa kila mwezi, naye aweza kulipa polepole. Mkulima wa mahindi hupata pesa zake mara moja kwa mwaka, na deni la kila siku litamkuta mkavu katika mwezi wa Mei. Huyo afadhali aweke akiba katika chama chake cha akiba na mikopo, au anunue baada ya mavuno. Na kabla ya kutia sahihi, kila mmoja aulize maswali manne. Jumla yote ni shilingi ngapi? Nikichelewa mwezi mmoja itakuwaje? Betri ikifa kabla sijamaliza deni ni nani atakayeibadilisha? Deni likiisha, naweza kuongeza paneli au betri ya kampuni nyingine? Muuzaji asiyetaka kujibu maswali haya amekwisha kujibu.

KUTUMIA NA KUTUNZA

Paneli iwekwe mahali ambapo kivuli hakifiki tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni. Kivuli cha tawi moja la mgrevilea, hata kikigusa pembe moja tu ya paneli, chaweza kupunguza mavuno sana, kwa kuwa vipande vyake vimeungwa kama mnyororo. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua hupita juu ya vichwa vyetu, basi paneli ilale kidogo tu, kiasi cha digrii 10 hadi 15, ili mvua ioshe vumbi. Iachwe nafasi ya kiganja kati yake na mabati, hewa ipite, maana paneli yenye joto jingi huvuna kidogo. Ikiwa u karibu na barabara ya murram, uifute kwa maji safi na kitambaa laini asubuhi na mapema. Usimwage maji baridi juu ya kioo chenye moto wa adhuhuri.

Fundi aungapo, betri huungwa na kontrola kwanza, ndipo paneli. Aondoapo, paneli hutangulia kutoka. Betri ya maji ikae mahali penye hewa, mbali na jiko na mbali na mikono ya watoto, kwa kuwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Iongezwe maji ya betri yaliyosafishwa tu. Maji ya kisima huiharibu.

Na ikifa usiivunje nyumbani wala kumwaga asidi shambani. Ndani yake mna risasi, ambayo ni sumu kwa watoto. Katika kijiji cha Owino Uhuru kule Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu sumu ya risasi mpaka kikafungwa mwaka 2014. Irudishe betri yako dukani ulikoinunua, nao wengi hutoa bei ya ile ya zamani.

JAMBO LA NYUMBA NA JAMBO LA USHIRIKA

Karatasi ile ya hesabu haifai kuandikwa na baba peke yake. Tumeona nyumba ambazo taa ya kwanza iliwekwa sebuleni mwa wageni, ya pili nje ya mlango, na jikoni mama akaendelea kupika kwa mwanga wa moto. Mtoto alisoma kwa kuinama kando ya televisheni inayolia. Sola ya namna hiyo imeleta fahari, lakini maendeleo haikuyaleta. Baba na mama wakae pamoja, waulize ni kazi gani katika nyumba yao inayoumizwa zaidi na giza. Ikiwa ni kitabu cha mtoto, taa ya kwanza iende kwenye meza ya kitabu. Ikiwa ni kukamua saa kumi na moja alfajiri, iende zizini. Mpira nao utapata zamu yake.

Nao wakuu wa vyama vya ushirika twawaambia hivi. Mwanachama mmoja akienda mjini peke yake ni rahisi kudanganywa. Wanachama 40 wakipeleka karatasi zao 40 pamoja, watapata bei njema na dhamana yenye nguvu. Chama chaweza kununua mita moja ya kupimia, ikae ofisini, na kila paneli ipimwe mbele ya watu kabla ya kulipwa. Chaweza kumsomesha kijana mmoja apate leseni ya EPRA, ili betri ikisumbua fundi awe ni wa hapa hapa. Tulipoleta ng'ombe wa gredi hatukuacha kila mtu ajifunze kuhusu kupe peke yake. Tulijenga majosho, tukaoshea pamoja. Sola nayo yataka josho lake.

Watakuja watu wa kusema ya kwamba hesabu hizi zote ni usumbufu, na kwamba maskini hana nafasi ya kuchagua. Sisi twaona kinyume chake. Tajiri akikosea atanunua nyingine mwezi ujao. Maskini akikosea atarudi kwenye koroboi na deni juu yake. Yeye ndiye hasa anayehitaji karatasi na kalamu. Mkulima ajuaye ni mifuko mingapi ya mbolea itoshayo ekari moja, na ni kilo ngapi za chakula cha ng'ombe ziletazo chupa moja zaidi ya maziwa, hawezi kushindwa na wati.

Basi jioni hii, kabla ya kulala, keti na watu wa nyumba yako, uandike taa ngapi, muda gani, na mwezi wa ukungu ni upi. Karatasi hiyo haigharimu hata senti. Uifunge mfukoni siku utakayokwenda mjini, na usikubali kutoa pesa yako kwa kitu ambacho hakimo ndani yake.